Wewe ni wa Kina Nani?

Kwa Wameru, mtu haulizwi shida yake kabla hajaulizwa ukoo wake. Ukishajua kwamba ni Mbise, au Kaaya, au Pallangyo, ndipo unajua umwamkieje: kama ni mjomba, kama ni shemeji wa kutaniwa, au kama bibi yako alitoka kwao na kwa hiyo haondoki bila kula. Tabitha Sumari alilelewa hivyo huko Akeri, juu ya Tengeru, na hata alipokwenda Dar es Salaam kusoma, akarudi na shahada na miwani na maneno kama "sampuli" na "nadharia", adabu hiyo hakuiacha. Na hiyo ndiyo iliyomponza.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, Arusha imejaa wageni kama harusi isiyo na kadi. Wajumbe wa mazungumzo ya amani ya Burundi walikuwa wanakuja na kuondoka, hoteli zimepandisha bei, na kila mwenye gari bovu amelipaka rangi na kuliita teksi. Mji uliokuwa ukipanga foleni ya sukari sasa ulikuwa unauza maji ya chupa, tena yananunuliwa. Katikati ya pilikapilika hizo, taasisi moja ndogo ya utafiti, yenye vyumba viwili juu ya duka la vipuri, ilipewa kazi na wafadhili: itafute chanzo cha vita vya Burundi na balaa lililowapata raia wake, na ripoti iwe mezani kabla wajumbe hawajarudi kwa kikao cha mwisho wa mwaka.

Mkuu wa taasisi alikuwa Daktari Philemoni, Mchaga wa Machame, Mlutheri wa benchi la mbele, mtu mwema mwenye haraka. Yeye alijichukulia sura za siasa na uchumi. Tabitha alipewa sura moja, ya vita kwa macho ya waliovikimbia. Wakimbizi wengi walikuwa kambini huko Kigoma, lakini familia chache zilikuwa zimeruhusiwa kuishi Arusha, nyingine kwa ajili ya matibabu, nyingine kwa sababu zilikuwa na wajuzi wa Kifaransa na mji ulikuwa na njaa ya Kifaransa. Walipanga vyumba Moshono na Sokon One. Daktari alisema mapema kwamba sura hiyo ikishindikana ataiziba kwa kurasa kutoka vitabuni, zile zinazosema watu wale wanachukiana tangu enzi na enzi.

Hilo Tabitha hakutaka hata kulisikia. Mtu akitamka "chuki ya asili" mbele yake, hasira zilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na sababu. Alipokuwa bado mwanafunzi, mlima wake mwenyewe ulipasuka kwa mgogoro wa kanisa, na watu wa ukoo mmoja, wanaoimba kitabu kimoja cha nyimbo, wakachomeana nyumba na kukatiana migomba. Shamba la baba yake lilikutwa asubuhi limelazwa chini lote. Hakuna profesa aliyepanda mlima kuja kuandika kwamba Wameru wana chuki ya asili. Basi kwa nini Warundi waandikiwe hivyo? Kuna jambo lilitangulia, likafuatwa na lingine, na jambo lililotokea linaweza kujulikana. Tabitha aliapa kwamba atalijua, na sura ile haitazibwa na kurasa za mtu mwingine.

Akaanza Moshono, na kinasa sauti kwenye mkoba. Alipokelewa vizuri kila nyumba. Aliletewa kiti, akaletewa chai, akaamkia wazee kwa shikamoo, akasifia watoto. Kisha, kama alivyofundishwa na mama yake, akauliza kwa upole: samahani, nyumbani ni ukoo gani, ninyi ni wa kina nani? Wenyeji walitazamana. Sisi ni Warundi tu, dada, walisema. Na kuanzia hapo, hata aulize nini, majibu yalikuwa yale yale kama yamegawiwa kwa kadi ya kanisa. Ni siasa hizo. Ni mambo ya wakubwa. Mungu ndiye anajua. Chai ikiisha, na maneno yameisha.

Daktari Philemoni alimtania kwamba Wameru hawajui kuhoji kitu kingine zaidi ya mgomba. Tabitha alimjibu kwamba Wachaga nao hawahoji, wanauza, na wote wawili wakacheka; ila siku zilikuwa zinakwenda na kaseti zilikuwa tupu.

Ndipo aliposikia habari za Godeliva. Huyu alikuwa mwalimu wa shule huko kwao, kwenye vilima vya kahawa vya Ngozi, na sasa alikuwa anafundisha Kifaransa jioni katika ukumbi wa kanisa moja pale Sokon One. Wanafunzi wake walikuwa makarani na wapiga chapa waliotaka kazi kwa wageni. Tabitha akajiandikisha. Hakuficha kazi yake, ila hakuitanguliza.

Aligundua kitu kimoja akakiona kichekesho. Kitabu walichotumia kilianza kama vitabu vyote vya lugha: unaitwa nani, unatoka wapi, kwenu ni wapi. Godeliva alifundisha "unaitwa nani", kisha akafunua kurasa mbili kwa mkupuo na kwenda moja kwa moja sokoni, kwenye nyanya na vitunguu. Dada mmoja wa darasani, Lucky, aliuliza mbona wanaruka. Mwalimu akasema hayo mengine watayajua wenyewe. Tabitha aliona ni uvivu wa mwalimu mwenye haraka ya kurudi nyumbani.

Walipozoeana, alibaki baada ya kipindi, akafuta ubao, akaeleza kazi yake. Godeliva alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, asiyependa maneno ya bure. Alikubali. Walikaa kwenye benchi, Tabitha akawasha kinasa sauti, akatabasamu, na kwa heshima yote aliyokuwa nayo akasema kwanza angependa kumfahamu: mwalimu, wewe ni wa kina nani, ukoo wenu ni upi?

Godeliva aliunyosha mkono, akakizima kinasa sauti mwenyewe. Akakusanya chaki zake, akasema saa ya kufunga ukumbi imefika. Kesho yake Tabitha aliambiwa mlangoni kwamba darasa limejaa. Viti vitupu alivihesabu kwa macho, akajua amefukuzwa.

Mwingine angekasirika, akatafuta mtu mwingine wa kuhoji. Tabitha alikasirika, ndiyo, lakini hakuondoka. Jioni iliyofuata alisimama nje ya ukumbi kwenye manyunyu ya Julai mpaka kipindi kikaisha, akaamkia, hakujibiwa, akarudi nyumbani. Akaja tena. Akaja tena. Makarani wakaanza kumcheka, na Lucky akamletea mwavuli. Mwisho Godeliva akatoka, akaja mpaka pale aliposimama.

"Umenikosea," alisema, "na nimekutazama siku zote hizi nikaona hujui umenikosea nini. Ndiyo maana nimetoka."

Tabitha akasema ni kweli, hajui, na anaomba aambiwe.

"Kwetu neno ni moja tu, ubwoko. Ukoo ni ubwoko. Kabila ni ubwoko. Hata aina ya maharage ni ubwoko. Wewe ukisema ukoo kwa Kiswahili chako kizuri, mimi nasikia neno lile." Akafunga vizuri kitenge chake. "Siku tuliyokimbia, watu walikuwa wamelaza mti barabarani. Kijana mmoja akaja kwenye dirisha la gari. Alivua kofia. Aliniita mama, akamwita mume wangu mzee, akauliza: ninyi ni ubwoko gani? Mume wangu akamwambia ukweli, kwa sababu aliulizwa kwa adabu."

Makarani walikuwa wamekwisha kupita. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Alikuwa na adabu kama yako, Tabitha," alisema Godeliva, na akaenda zake.

Kesho yake ofisini Tabitha alizitoa kaseti zote za Moshono akazisikiliza upya, moja baada ya nyingine. Alisikia sauti yake mwenyewe, tamu, ya binti aliyelelewa vizuri, ikiuliza ninyi ni wa kina nani. Kisha kimya. Kila kaseti ilikuwa na kimya hicho, na ndani yake kijiko kikigonga kikombe, au mtoto akiambiwa atoke nje. Mwanzoni alikuwa amekirukisha kimya hicho mbele, kwa sababu hakikuwa na maneno. Sasa alikisikiliza chote, na alijionea aibu mpaka akashindwa kula mchana. Nyumba kwa nyumba alikuwa amewapeleka watu wale kwenye mti uliolazwa barabarani, tena akiwa anakunywa chai yao.

Lakini aibu haiandiki sura. Aliosha uso, akajiambia kwamba atarudi kwa watu hao, ila hawezi kurudi na swali lile. Na swali jipya hakuwa nalo. Jumamosi akapanda kwao Akeri.

Baba yake, mzee Kaanaeli Sumari, alikuwa uani akimenya kahawa kwa mashine ya mkono. Siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wanapita na magari yao mpaka vichochoroni, leo bei hii, kesho ile, na nusu ya mibuni mzee alikwisha kuing'oa apande nyanya. Mashine ile aliinunua kwa kuchangia na jirani yake, mzee Aminieli Mbise, enzi kahawa ilipokuwa kahawa. Tabitha alikumbuka misimu ya utotoni: debe la kwao, debe la kina Mbise, watu wazima wakipokezana mpini na kutaniana, watoto wakirushiana maganda. Sasa mzee alikuwa anazungusha peke yake, na ng'ambo ya uzio wa masale kulisikika jembe la Mbise likilima. Wazee hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu mgogoro. Nyumbani hapo jambo hilo halikuzungumzwa, na Tabitha hakuwahi kuthubutu kuligusa.

Alikaa jikoni na bakuli la loshoro, ule mchanyato wa mahindi na maziwa mgando, akitazama mpini ukizunguka, na wazo likamjia taratibu. Mashine ilinyamaza kabla migomba haijakatwa. Msimu mzima kabla. Kina Mbise waliacha tu kuleta debe lao, na siku hiyo hakuna aliyegombana na mtu. Kama kuna mtu angeingia uani siku ile na kuuliza chanzo cha vita ni nini, angejibiwa hakuna vita hapa. Lakini kama angeuliza mmeacha nini, hata mtoto angemwonyesha mashine.

Jumatatu alimsubiri Godeliva pale pale nje. Kinasa sauti alikiacha ofisini. Aliomba radhi kwa maneno machache, kisha akasema: "Sitakuuliza wewe ni wa kina nani, na sitaki kujua. Nakuomba jambo moja. Wewe na majirani zako, kitu gani mliacha kwanza kufanya pamoja?"

Godeliva akafungua tena ukumbi aliokwisha kuufunga.

Pombe, alisema. Kilimani kwao pombe ya ndizi ilinywewa kwenye chungu kimoja kilichowekwa katikati, na kila mtu na mrija wake. Hapo ndipo mahari zilipangwa na mipaka ya mashamba ilisuluhishwa. Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Watu walioishi kwa kahawa wakaanza kugombania kipande cha shamba cha upana wa mkeka. Nafasi za sekondari zikawa za wenye mtu serikalini. Vijana waliokosa shule na shamba wakawa wanakaa njia panda, na wakubwa kutoka mjini wakawa wanakuja kuwanunulia bia na kuwaambia wa kulaumiwa ni nani. Jioni moja jirani yao wa miaka yote akaja na chupa yake mwenyewe mkononi, akasema tumbo linamsumbua, hawezi pombe ya chungu. "Tulicheka," alisema Godeliva. "Tulimwambia pole na tumbo." Wiki ile ile na wengine wakaja na chupa. Mpaka mti unalazwa barabarani, chungu kilikuwa kimegeuzwa chini juu siku nyingi.

Aliongea mpaka mlinzi akaja kufunga. Sharti lake lilikuwa moja: ubwoko usiandikwe, si wake, wala si wa yule mwenye chupa. Tabitha akampa neno lake.

Akarudi Moshono, nyumba zile zile, akaomba radhi kila mlango. Wengine walikataa kumfungulia, naye hakuwalaumu. Waliomfungulia walisema. Mmoja alisema waliacha kuazimana jembe. Mama mmoja alisema waliacha kwenda kisimani pamoja. Mwingine, kwamba aliacha kumwachia jirani mtoto anapokwenda sokoni, na hakujua kwa nini ameacha. Na kila kilichoachwa, ukikifuata nyuma, unakuta shamba lililogawanywa mpaka likaisha, kahawa isiyonunulika, mkubwa aliyepita akitafuta wafuasi. Tabitha aliandika kama mtu anayekimbizwa. Kwa mara ya kwanza alikiona chanzo kikitembea, hatua kwa hatua, na hakikufanana hata kidogo na kitu cha asili.

Daktari Philemoni alisoma sura ile akawa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akafika kwenye jedwali la waliohojiwa, akaona safu moja tupu.

"Kabila hujajaza," alisema.

Tabitha akamweleza. Daktari alielewa, hakuwa mtu wa mawe. Lakini wafadhili waliagiza jedwali, na jedwali lazima lionyeshe nani wa upande gani amesema nini. Bila hivyo, alisema, hii ni hadithi, si utafiti. Akashauri basi akisie kwa majina.

"Majina yao ni ya watakatifu, Daktari. Nikisie watakatifu ni wa upande gani?"

"Tabitha, bila safu hiyo sura haiingii."

"Basi isiingie," alisema Tabitha. "Lakini ukiweka zile kurasa za chuki ya asili mahali pake, jina langu litoe kwenye jalada, na wafadhili nitawaeleza mwenyewe kwa nini limetoka. Nilipowauliza kabila, sikupata neno. Nilipoacha kuuliza, nimepata hii. Neno langu nimelitoa, silirudishi."

Mkataba wake ulikuwa unaisha na ripoti ile, na mji wa Arusha ni mdogo, wakubwa wanajuana. Alilijua hilo alipokuwa anashuka ngazi. Aliogopa sana, akapita barabara ya Sokoine bila kujua anakwenda wapi. Lakini hakupanda ngazi kurudi.

Daktari alikwenda nyumbani na sura ile Ijumaa. Jumatatu aliiweka mezani kwa Tabitha bila salamu. Safu ilikuwa bado ipo, vyumba vyake vyote vitupu, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "Hawakuulizwa tena. Walipoulizwa mwanzoni, walinyamaza." Akasema safu yenyewe hakuifuta kwa sababu wafadhili wameizoea, bora waione ikiwa tupu. Halafu akaagiza chai ya watu wawili.

Ripoti ikatoka. Mimi sitakudanganya kwamba vita vilisimama siku hiyo. Kuna wajumbe waliosoma, na kuna walioiweka chini ya kikombe cha kahawa. Tabitha alimpelekea Godeliva nakala yake. Godeliva alifunua mpaka kwenye jedwali, akapitisha kidole kwenye safu tupu kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anayesoma. Alipofika mwisho alishukuru. Kisha akainua macho.

"Na ninyi?" aliuliza. "Lucky kaniambia huko mlimani kwenu mlichomeana nyumba. Mliacha nini kwanza?"

Tabitha alitaka kujibu kwamba ni mashine ya kahawa, akajizuia. Mashine ni kile alichokiona yeye, msichana wa shule aliyechungulia kutoka jikoni. Alikuwa amegonga milango ya wageni wote wa mji huu. Lakini swali hilo hajawahi kumuuliza baba yake.

Alipanda Akeri siku hiyo hiyo. Kahawa ya mwisho wa msimu ilikuwa kwenye debe, mzee ameshika mpini. Tabitha aliamkia, akavuta kigoda, akauliza. Aliuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, na aliogopa kuliko siku aliyosimama mbele ya Daktari.

Mzee hakuacha kuzungusha. Akauliza hilo ni la wafadhili wake? Tabitha akasema hapana, ni lake mwenyewe. Akasema yeye alidhani ni mashine.

"Mashine ilikuwa baadaye," alisema mzee Kaanaeli.

Debe likapungua. Ng'ambo ya masale jembe lilikuwa linalima.

"Tangu utoto sijamwita Aminieli. Namwita Mbise, naye ananiita Sumari, ndivyo tunavyoitana. Basi siku moja mama yako akiwa jikoni akauliza nani anapita hapo njiani. Nikamwambia, ni wale." Mpini ukasimama. "Sikusema Mbise. Nilisema wale. Na alikuwa peke yake."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, Tabitha hakutaka kuandika.

Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akainuka kwa shida, akaenda mpaka kwenye uzio. Alisimama hapo akitazama majani ya masale kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akasafisha koo.

"Mbise," aliita, si kwa sauti kubwa.

Jembe likanyamaza. Tabitha alikijua kimya hicho, alikuwa nacho kwenye kaseti nyingi, na alijua jinsi kinavyoisha. Akashika mpini wa mashine wenye joto la mkono wa baba yake, akangoja.

"Sumari?" ilijibu sauti ya kizee kutoka upande wa pili, kama mtu anayeuliza kama amesikia vizuri.